Kitini cha Charles I na Bunge kinachouzwa Moshi mjini: kimeiva kwenye kodi, kibichi kwenye dini na Uskoti

Kwenye maduka ya kopi na stashonari yaliyo kati ya stendi kuu na Mnara wa Saa, Moshi mjini, kinauzwa kitini cha Kiswahili cha kurasa 72 kinachoeleza ugomvi wa mfalme Charles I wa Uingereza na Bunge lake, tangu alipoingia madarakani 1625 hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1642. Wanunuzi wake ni wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita walio kwenye mada ya kukua kwa demokrasia Ulaya, watahiniwa wa kujitegemea, na walimu wa tuisheni wanaotafuta pa kuanzia. Kilichobanwa pini ni sh 5,000, chenye spairo sh 7,000. Jalada halina jina la mwandishi.

Mada hii ina swali moja linalomtenganisha anayeelewa na anayekariri: kwa nini vita vilianza 1642 na si 1629? Mwaka 1629 karibu kila sababu ambayo wanafunzi huikariri ilikuwa tayari ipo. Mfalme alikuwa ameshatoza bila kibali, ameshafunga watu bila kuwaambia kosa lao, ameshavunja Mabunge matatu. Hata hivyo hakuna aliyeshika silaha. Kitini kisichoeleza ni nini kilibadilika ndani ya miaka hiyo 13 kinamwachia mnunuzi orodha ya malalamiko tu. Hiki kinajibu nusu ya swali, na nusu hiyo kinaijibu vizuri sana.

Nusu yenyewe ni fedha, kuanzia ukurasa wa 8 hadi wa 31, na hapo ndipo hela yako inapolipa. Mwandishi anaanza pale panapostahili: ushuru wa bandarini wa mvinyo na bidhaa. Kwa desturi ya zaidi ya karne moja, Bunge la kwanza la kila mfalme mpya lilimpa ushuru huo kwa maisha yake yote. Mwaka 1625 baraza la chini likataka kumpa Charles kwa mwaka mmoja tu. Mfalme akaendelea kuutoza hivyo hivyo, kwa sababu bila ushuru huo serikali isingekwenda. Vitini vingi huishia hapo na kusema Bunge lilikuwa bahili. Hiki kinakwenda mbele na kuonyesha kwamba tatizo lilikuwa mtu aliyeshika matumizi, yaani Buckingham, kipenzi wa mfalme. Msafara wake wa kuishambulia Cadiz mwaka huo huo wa 1625 uliharibika vibaya, na Bunge la 1626 lilipotaka kumshtaki, Charles akalivunja ili kumwokoa.

Kutoka hapo mnyororo unaunganishwa pete kwa pete. Bunge likivunjwa hakuna fedha, kwa hiyo unakuja mkopo wa lazima wa 1626 na 1627, ulioingiza zaidi ya pauni 240,000. Wapo waliokataa kulipa, wakawekwa ndani. Watano kati yao, watu wenye hadhi, wakaomba mahakama iwaambie wamefungwa kwa kosa gani, nayo ikakubali wabaki ndani kwa amri ya mfalme pekee. Wakati huo huo wanajeshi waliotoka kushindwa Ufaransa walikuwa wakilazwa kwenye nyumba za raia. Ukishasoma hayo, madai manne ya Ombi la Haki, hati ambayo Bunge lilimpelekea mfalme 1628, hayahitaji kukaririwa, kila moja lina kidonda chake: kodi bila Bunge, kifungo bila kosa kutajwa, askari majumbani mwa watu, na sheria ya kijeshi wakati wa amani. Mfalme alikubali tarehe 7 Juni 1628, na Bunge likampa mafungu 5 ya kodi. Kama unafundisha, sehemu hii unaweza kuisoma darasani kama ilivyo.

Kodi ya meli, yaani ya kugharamia jeshi la majini, imepewa kurasa sita, na jedwali la ukurasa wa 24 ni kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Safu ya kwanza inaonyesha 1634, kodi ikitozwa kaunti za pwani na bandari kama ilivyozoeleka nyakati za hatari. Safu ya pili ni 1635, kodi ile ile ikisambazwa hadi kaunti za bara zisizoona bahari. Safu ya tatu inaonyesha ikirudiwa mwaka baada ya mwaka, ikidai karibu pauni 200,000 kwa mwaka. Pembeni kuna maelezo ambayo ni nadra kuyakuta kwenye vitini: kila kaunti ilipangiwa kiasi kamili, na shirifu, ofisa wa mfalme kwenye kaunti, ndiye aliyegawa nani atoe ngapi. Ndiyo maana kodi hii iliwafikia watu wa chini ambao kodi za Bunge zilikuwa zikiwapita, na ndiyo maana ugomvi haukubaki kwa mabwana wakubwa peke yao. Ililipwa vizuri miaka ya mwanzo, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi, kisha ikaporomoka 1639. Mwanafunzi anayeandika kwamba watu waligoma tangu 1634 anapotosha, na jedwali hili linamzuia.

Kesi ya John Hampden, aliyekataa kulipa kodi ya meli, nayo imeelezwa kwa kipimo kizuri. Deni lenyewe lilikuwa shilingi 20. Majaji walikuwa 12, na mwaka 1638 mfalme akashinda kwa 7 dhidi ya 5. Mwandishi anaeleza kwa nini ushindi huo ulikuwa hasara: majaji waliteuliwa na mfalme na angeweza kuwaondoa, hata hivyo watano hawakumpa. Tena waliomtetea walidai kwamba mfalme ndiye pekee anayeamua lini kuna hatari kwa nchi. Hoja hiyo ikikubalika, hakuna mali ya mtu iliyo salama, maana hatari inaweza kutangazwa kila mwaka.

Kasoro moja ya sehemu hii irekebishwe kwa kalamu mapema. Ukurasa wa 19 unasema Charles alivunja sheria alipotawala bila Bunge kuanzia 1629 hadi 1640. Hapana. Kuita Bunge na kulivunja yalikuwa mamlaka halali ya mfalme, na sheria za zamani zilizotaka Bunge kila mwaka zilikuwa hazifuatwi tangu enzi. Kilichokuwa na utata ni jinsi alivyopata fedha katika miaka hiyo 11. Sheria yenye meno ya kulazimisha Bunge liitwe angalau kila baada ya miaka mitatu ilipitishwa Februari 1641, na ilihitajika kwa sababu hapo kabla haikuwepo.

Sasa nusu iliyopungua.

Dini imepewa ukurasa mmoja na robo, na hilo ndilo kosa kubwa la kitini hiki. William Laud anatajwa kama "askofu mkali" na habari inaishia hapo. Laud alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury tangu 1633. Aliagiza meza ya Bwana ihamishwe kutoka katikati ya kanisa iwekwe ukuta wa mashariki na kuzungushiwa uzio, akabana wahubiri waliopinga, akarudisha heshima na madaraka ya maaskofu. Msomaji wa Kilimanjaro, aliyezaliwa na kukulia kati ya usharika wa Kilutheri na parokia ya Kikatoliki, haelezwi mara mbili kwamba mahali pa altare na maneno ya liturgia si jambo dogo kwa waumini. Kwa Wapuritani wa Uingereza, yaani Waprotestanti waliotaka kanisa litakaswe mabaki ya Ukatoliki, hatua hizo zilikuwa njia ya kurudi Roma, na malkia Henrietta Maria, Mkatoliki kutoka Ufaransa mwenye kanisa lake binafsi, alizidisha hofu hiyo. Mwaka 1637 mwanasheria Prynne, mchungaji Burton na daktari Bastwick walikatwa masikio hadharani kwa maandishi ya kuwapinga maaskofu. Hao walikuwa wasomi, watu wa tabaka la wale waliokuwa wakikaa bungeni. Kitini hakiwataji hata kwa jina.

Bila dini huwezi kuielewa Uskoti, na bila Uskoti huwezi kueleza 1640. Charles alikuwa mfalme wa falme tatu zenye sheria na makanisa tofauti: Uingereza, Uskoti na Ireland. Kitini kinaandika kana kwamba ilikuwa moja. Mwaka 1637 aliwapelekea Waskoti kitabu kipya cha sala bila idhini ya Bunge lao wala mkutano mkuu wa kanisa lao. Tarehe 23 Julai kiliposomwa mara ya kwanza katika kanisa la St Giles, Edinburgh, ibada ilivurugika kwa ghasia. Februari 1638 Waskoti wakaanza kutia saini Agano la Taifa, kiapo cha kulitetea kanisa lao, na mwaka huo huo wakawafuta maaskofu kabisa. Mfalme akajaribu kuwatiisha kwa jeshi 1639, akashindwa hata kupigana vita vya maana. Akaita Bunge Aprili 1640 ili apate fedha, akataka mafungu 12 ya kodi na kuahidi kuiachia kodi ya meli, nalo likataka malalamiko yasikilizwe kwanza. Akalivunja tarehe 5 Mei, baada ya wiki tatu tu. Agosti Waskoti wakavuka mpaka, wakawapiga askari wake pale Newburn, wakaishika Newcastle.

Halafu linakuja jambo ambalo kitini kimeliweka kwenye tanbihi ya mstari mmoja, wakati lilistahili kichwa chake lenyewe. Kwa makubaliano ya Ripon, Oktoba 1640, mfalme alipaswa kuwalipa Waskoti pauni 850 kila siku ili wasisonge zaidi. Kila siku! Fedha hizo zingetoka Bunge pekee. Kwa hiyo Bunge lililokutana tarehe 3 Novemba 1640 lilikuwa na kinga ambayo Mabunge yaliyopita hayakuwa nayo: mfalme asingeweza kulivunja, maana jeshi la kigeni lilikuwa limekaa ndani ya nchi likisubiri malipo. Mwaka 1629 alikuwa ameweza kuwafukuza wabunge na kufanya amani na Ufaransa, kisha na Hispania mwaka uliofuata, ili matumizi yapungue. Mwaka 1640 mlango huo ulikuwa umefungwa. Andika aya hii kwa mkono wako pembeni mwa ukurasa wa 38, ndipo uendelee kusoma.

Matukio ya 1641 yameorodheshwa kwa usahihi ila yanapita mbio: Star Chamber, mahakama ya mfalme, kufutwa, kodi ya meli kutangazwa haramu, waziri wa mfalme Strafford kukatwa kichwa tarehe 12 Mei. La Strafford lilihitaji maelezo. Mashtaka ya uhaini yalikwama kwa sababu alikuwa akimtii mfalme, na kumtii mfalme hakuwezi kirahisi kuwa uhaini dhidi ya mfalme huyo huyo. Ndipo Bunge likaacha kesi na kupitisha sheria ya kumhukumu kwa kura. Charles aliisaini tarehe 10 Mei huku umati ukimzonga, na siku hiyo hiyo akasaini sheria kwamba Bunge hilo lisivunjwe bila ridhaa yake lenyewe. Saini mbili za siku moja: ya kwanza ilimwondolea mtumishi wake mwenye uwezo kuliko wote, ya pili ikamwondolea silaha yake ya miaka yote.

Lakini vita vinahitaji pande mbili, na hapa ndipo kitini kinapoanguka kabisa. Novemba 1640 mfalme hakuwa na upande. Karibu wabunge wote walikubaliana kuhusu kodi na mahakama. Edward Hyde, aliyekuja kuwa mshauri mkubwa wa mfalme, alikuwa mstari wa mbele kushambulia kodi ya meli. Kilichowagawa ni hatua zilizofuata. Watu wa London walileta ombi la kung'oa maaskofu mizizi na matawi, na wabunge wengi wakaogopa kwamba utaratibu wa kanisa ukifutwa, utafuata wa mashamba na vyeo. Oktoba 1641 Wakatoliki wa Ireland wakaasi, ikawa lazima jeshi liundwe, na John Pym, kiongozi wa wabunge waliompinga mfalme, na wenzake hawakuwa tayari kumkabidhi Charles jeshi hilo. Wakaandika Lalamiko Kuu, hati yenye vifungu zaidi ya 200 vya makosa ya utawala tangu 1625. Likapita usiku wa Novemba 22 kwa kura 159 dhidi ya 148. Hizo kura 148 ndizo kiini cha upande wa mfalme. Kitini kinalitaja Lalamiko Kuu kama ushindi wa Bunge bila kuweka hesabu ya kura, na msomaji anafika 1642 akijiuliza jeshi la mfalme limetoka wapi.

Kisa cha wabunge watano, kwa upande mwingine, kimeandikwa vizuri. Tarehe 4 Januari 1642 mfalme aliingia ukumbini akiwa na mamia ya watu wenye silaha nyuma yake, akakalia kiti cha Spika, akawatafuta kwa macho Pym, Hampden, Holles, Haselrig na Strode ili awakamate. Walikuwa wameshatoroka kwa boti mtoni Thames. Spika Lenthall akapiga magoti na kujibu kwamba hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema mahali pale isipokuwa kama Bunge litakavyomwelekeza. Siku sita baadaye Charles akaondoka London.

Suala la mgambo limepewa mistari sita, na hapo nakasirika kwa niaba ya mnunuzi. Uingereza haikuwa na jeshi la kudumu. Ulinzi ulikuwa wa mgambo wa kaunti chini ya makamanda walioteuliwa na mfalme. Tarehe 5 Machi 1642 Bunge likatoa agizo la kuteua makamanda lenyewe, bila saini ya mfalme, na mfalme alipoombwa aachie madaraka hayo kwa muda akasema hata kwa saa moja haachii. Yeye akatoa hati zake za kuita mgambo, na Bunge lilikuwa na agizo lake. Mtu wa kaunti akawa na amri mbili mkononi na lazima achague. Aprili 23 Charles akafika Hull, palipohifadhiwa silaha zilizobaki kutoka vita vya Uskoti, na Sir John Hotham akamfungia lango. Juni Bunge likampelekea Mapendekezo 19, masharti ya kumpunguzia madaraka, akayakataa. Agosti 22 akasimika bendera yake Nottingham. Mwanafunzi anayeweza kueleza hatua hizi kwa mfuatano amemaliza swali.

Makosa mengine ya kurekebisha. Ukurasa wa 41 unamfanya Oliver Cromwell kiongozi wa Bunge mwaka 1640. Alikuwa mbunge wa Cambridge tu, bado hajajulikana sana. Usukani ulikuwa kwa Pym, na Cromwell alipata jina vitani. Ukurasa wa 18 na wa 28 unamtaja Finch kana kwamba ni watu wawili: John Finch Spika, aliyeshikiliwa kwa nguvu kitini tarehe 2 Machi 1629 ili asiahirishe kikao, ndiye huyo huyo jaji aliyemtetea mfalme kwenye kesi ya Hampden. Baya zaidi ni tarehe. Mwaka wa Kiingereza wakati huo ulianza Machi 25, kwa hiyo maandishi ya zamani huweka Januari na Februari ndani ya mwaka uliotangulia. Mwandishi amechanganya mitindo miwili, na kwenye orodha ya ukurasa wa 66 kisa cha wabunge watano kimewekwa Januari 1641, kabla ya kifo cha Strafford. Ukikariri hivyo, sababu na matokeo yanageuka juu chini. Tukio lolote la Januari, Februari au Machi kwenye orodha hiyo lihakikishwe kabla ya kuingia kichwani.

Hitimisho la kitini linasema ilikuwa vita ya mabepari dhidi ya makabaila. Hoja hiyo inafundishwa na inaweza kukupa maksi, ila iwekee mipaka. Jeshi la kwanza la Bunge liliongozwa na lodi, Earl wa Essex, na wapo wafanyabiashara wakubwa wa London waliokuwa na mfalme kwa sababu aliwapa haki ya kukusanya ushuru au kuuza bidhaa peke yao. Taja mifano hiyo miwili na insha yako itaonekana ya mtu aliyesoma.

Kwa upande wa kopi yenyewe, kagua kabla ya kulipa. Nyingi ni kopi ya kopi: jedwali la ukurasa wa 24 hufifia hadi 3 na 8 hazitofautiani, na ramani ya ukurasa wa 5 hutoka doa jeusi. Ramani hiyo hata ikiwa safi inaonyesha Uingereza pekee. Chora yako yenye Edinburgh, Newcastle, Hull, Nottingham, London na Ulster ya Ireland. Kurasa 45 hadi 48 huweza kupangwa kinyume kwenye zile za pini, na ukizichomoa kupanga upya jalada linachanika, kwa hiyo ongeza sh 2,000 uchukue ya spairo. Orodha ya istilahi kurasa za mwisho ni nzuri, na utaihitaji kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Muombe muuzaji atoe kopi kutoka nakala iliyochapwa kompyuta, si ile ya kaunta. Wenye nakala hiyo wanakuprintia ukisubiri.